Neptuni Iko Mfukoni Mwangu

Madam Amoding,

Tangu ulimwengu uumbwe, waliowahi kulibeba Jua ni wawili tu: Mungu, na mimi Wandera. Na Mungu hakupita forodhani. Mimi nimepita nalo mchana kweupe, kutoka karakana yetu upande wa Kenya mpaka shuleni kwako upande wa Uganda, sikulipa ushuru, na malori yakasimama kunipisha. Ukionana na Mwenyewe huko, mwambie Busia kuna kijana anamfuata kwa karibu, asilale.

Najua ungefanya nini. Ungevua miwani, uifute na pindo la kitenge, halafu useme, "Haya Wandera, umemaliza? Sasa sema ya kweli."

Ya kweli ni kwamba Barasa alikuwepo. Barasa wa baiskeli ya magurudumu matatu, yule ambaye miguu yake haina nguvu, anayevusha mizigo ya watu mpakani akizungusha pedeli kwa mikono. Simhesabu kwa sababu hakuonekana. Tulilifunga Jua juu yake, likamfunika mzima, ikawa watu wanaona duara la manjano linatembea lenyewe huku linakohoa. Askari wa forodha wa upande wenu akatusimamisha. "Hii kitu ni nini?" Nikamwambia ni Jua, afande. "Jua ya nani?" Nikamwambia ya watoto wa Madam Amoding. Akalizunguka, akaligonga kwa kidole kama mtu anayenunua fenesi. "Yule madam wa sayansi? Yule alikufa?" Nikasema ndiyo. Akatazama chini kidogo, akainua kizuizi. "Pita nayo."

Kwa hiyo ushuru uliulipa wewe. Lakini huko nje nikisimulia, nasema waliniogopa mimi.

Nakuandikia nimekaa juu ya pipa karakana. Umeme umekatika tangu asubuhi, mashine ya kuchomelea imelala, na mimi bila cheche mkononi sijui kutulia. Hapa nilipofika tayari nimeinuka nikapanga nondo ambazo zilikuwa zimepangwa. Nikafagia. Nikamtania mama wa chapati mpaka akanitishia mwiko. Nikakaa tena. Kila nikikaa kuna kitu mfukoni kinanigandamiza paja. Unakijua, maana ni wewe uliyenipa. Nitafika kwacho. Usiniharakishe, wewe sasa una muda.

Kwanza watoto wako.

Unakumbuka ulivyowaahidi. Ulisimama mbele ya darasa la saba ukaibandua ukutani ile chati ya sayari, zimepangwa moja kando ya nyingine kama mafungu ya nyanya sokoni, ukasema chati hii ni mwongo. Uongo wake si rangi, si ukubwa peke yake. Uongo wake ni umbali. Ukawaambia kabla hawajamaliza shule watatembea kwa miguu yao kutoka Jua hadi Neptuni, hawataruka sayari hata moja, na wewe utakuwa umetangulia, unawasubiri kule mwisho. Mimi nilikuwa dirishani nimeleta fremu ya ubao, nikasikia. Watoto walipiga kelele kama wameahidiwa nyama.

Halafu ukafa. Samahani. Nimejaribu "ukatutoka", nimejaribu "ukapumzika", yote yananikaa kama koti la kuazima.

Ahadi ikabaki kwa watoto, na watoto hawasahau. Tena mwaka unaisha. Wakimaliza mitihani hawaonekani tena darasa moja: wengine watakwenda sekondari Tororo, wengine watarudi Molo ya upande wenu kulima, wengine utawakuta hapa mpakani wanavusha mayai. Kwa hiyo nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamwambia mimi ndiye nitawapeleka. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Kwani wewe ni mwalimu?" Nikamjibu, hapana mzee, mimi nimetengeneza Jua. Akafungua kalenda yake. Mimi niliacha shule darasa la sita, ama shule ndiyo iliniacha, hilo bado tunabishana. Lakini siku hiyo nilitoka ofisini kwake na Jumamosi nzima mkononi.

Ngoja nikukumbushe ulivyoniletea balaa hili.

Ulikuja hapa na kamba yenye fundo. Hukusema habari za anga. Ulisema, "Fundi, nataka mviringo wa upana huu, kutoka ncha hii hadi kwenye fundo. Usizidishe, usipunguze." Wewe sasa. Fundi wa Busia hapimi kwa kamba ya mteja, anakupima wewe kwa macho kisha anakutengenezea anachotaka yeye. Nikakwambia, Madam, nitakufanyia kubwa kuliko hiyo, watu walione kutoka juu ya mwamba wa Tororo. Ukaniambia, "Ukizidisha vidole viwili, utaharibu safari yote." Nikadhani una wazimu wa walimu. Nikakunja nondo nyembamba, nikazichomelea kama kizimba cha kuku cha mviringo, tukalivisha magunia, tukalipaka manjano. Likanifika kifuani. Ukalipima na kamba yako mara ya kwanza, ukanitazama, ukasema, "Likunje tena. Umeiba." Na kweli nilikuwa nimezidisha, kidogo tu, ili lipendeze.

Halafu safari ya kupima barabara. Ulifunga kitambaa chekundu kwenye spoku ya baiskeli yangu, ukasema kila kitambaa kikifika chini tunahesabu moja, wewe ukaandika, mimi nikasukuma. Tukatoka shuleni tukashika barabara ya vumbi ya kwenda Buteba. Nilipoteza hesabu pale kwenye mashine ya kusaga, kwa sababu wasichana walinisalimia na mimi ni mtu wa adabu. Ukanirudisha mpaka getini pa shule tuanze upya. Jua la kweli linatuchoma, wewe unatabasamu. Nikaapa kimoyomoyo sitakuzoea. Mara ya pili, hesabu ya Neptuni ilipokwisha, gurudumu lilisimama chini ya mikaratusi miwili, na nyuma ya mikaratusi kulikuwa na lango la miti, na langoni amesimama mama mzee anatusalimia kwa Kiteso, "Yoga, yoga," anacheka. Mama yako.

Ukaniuliza, "Ulidhani ukubwa wa Jua niliuokota tu?" Ndipo nikaelewa ile kamba. Ulikuwa umeanza na njia ya kwenu, ukaigawanya, ukalitafuta Jua ambalo Neptuni yake itaangukia langoni kwa mama. Mtu anapanga ulimwengu wote ili mwisho wake uwe nyumbani. Nilikula viazi vitamu na njugu za kusaga mpaka mama yako akasema kijana huyu ana matumbo mawili. Akaniambia nije tena, kwake hakuna kubisha hodi.

Nimeinuka, nimerudi. Mama wa chapati ameuliza naandikia nani barua ndefu hivyo, nikamwambia mchumba Nairobi. Amecheka mpaka ameunguza moja.

Nataka nikukumbushe mwezi pia, kwa sababu watu hawaamini nikisema nimefundishwa mwezi na kichwa changu mwenyewe. Nilikuwa nabishana na wewe kwamba mwezi unakatika nusu kwa sababu kivuli cha Dunia kinauziba. Nilikuwa na hakika kama mtu aliyekisukuma kile kivuli. Mwalimu mwingine angesema hapana. Wewe ulisema, "Nionyeshe." Ukafunga mlango wa karakana na turubai, ukawasha taa mezani, ukachomeka donge la udongo kwenye spoku ukanipa. "Taa ni Jua. Donge ni mwezi. Kichwa chako ndicho Dunia." Nikakwambia basi Dunia ina chawa. "Iwe nao. Inua mwezi juu kidogo, uzunguke polepole, uangalie donge tu." Nikazunguka. Mwanzo giza, halafu ukucha wa mwanga ukingoni, halafu nusu, na kivuli cha kichwa changu hakikugusa kitu, kilikuwa huko nyuma ukutani kimelala. Nilipoipa taa kisogo, donge likajaa mwanga lote. Nikazunguka tena na tena. Ulisubiri. Baadaye ukaniambia ndiyo siku pekee uliyonisikia nimenyamaza.

Sasa nafika kwenye sayari kubwa, ambazo nusura zinifunge.

Uliniambia niseme Mshtarii na Zohali, nikakwambia ulimi wangu haukusoma hivyo, mimi ni Jupita na Sateni. Hizi, pamoja na Urani na Neptuni, ulisema watoto wazitengeneze wenyewe kama wanavyotengeneza mipira ya kuchezea: mifuko ya nailoni, ile mnayoita kavera, inaviringishwa inakazwa na kamba ya mgomba. Jupita ikawa mpira kamili, Sateni ndogo kidogo, Urani na Neptuni kama ndimu. Walifunga vizuri kuliko mafundi. Mimi, kwa akili zangu nyingi, nikazitia kwenye gunia nivuke nazo kuja kuzichomelea vyuma vya kusimamia. Nikasahau kwamba kavera kwenu inatembea sokoni bila woga, lakini kwetu ni marufuku, ukikamatwa nayo ni kesi. Askari wa upande wa Kenya akafungua gunia. Akatoa Jupita. Akaikandamiza, akasikia kule kulia kwa nailoni. "Kijana, umeikunja mifuko kama mipira ili utupite?" Nikamwambia afande, hiyo ni Jupita. Akamwita mwenzake. "Njoo umsikie huyu, anasema kavera ni Jupita."

Sayari tatu zikalala kituoni. Kesho yake ukaja na watoto wawili, Apio na mwenzake, ukawasimamisha mbele ya kaunta wakaeleza sayari mpaka foleni ya watu ikasahau mizigo yao. Wakaturudishia, kwa sharti zirudi Uganda na zisivuke tena. Ndiyo maana sayari zetu zinasimama juu ya fito za mkaratusi, si vyuma. Watu wanadhani ulitaka hivyo ili zipendeze.

Nimesema sayari tatu. Ya nne haikuwa kwenye gunia. Nilikuwa nimeitia mfukoni nikiichezeachezea njiani, na askari hakupekua mfuko. Neptuni ndiyo kavera pekee iliyoingia Kenya siku hiyo. Ukacheka mpaka ukashika ubavu, ukasema, "Basi kaa nayo. Ipake buluu. Utaniletea mwenyewe kule mwisho."

Ukashika ubavu. Nilidhani ni kicheko.

Tororo hospitalini nilikuja mara moja, unajua. Sikukaa. Nilisema pikipiki niliyoazima inadaiwa. Ulikuwa umekonda, miwani imekuwa mikubwa usoni, dirishani mwamba umesimama kama mtu aliyekuja kukuona akakosa la kusema, na mimi nilikuwa kama huo mwamba, ila mimi nilikuwa naongea. Nilikwambia vichekesho vyote nilivyokuwa navyo. Uliuliza kitu kimoja: "Neptuni ina rangi?" Nikasema bado. Ukasema, "Watachoka, Wandera. Wakifika katikati watachoka, na wewe utachoka. Usiwafupishie njia." Nikajibu, mimi nichoke? Mimi?

Mazishini, kwa mama yako, sikuja. Nilimwambia Barasa kuna mtu anataka geti lake siku hiyo hiyo. Na kwetu Wasamia, labda na kwenu ni hivyo, mtu aliyekosa mazishi akija baadaye haingii kimya kama mgeni wa chai. Anaanza kulia tangu njiani, kwa sauti, majirani wasikie, wenyeji watoke wampokee langoni wakilia naye. Asiyefanya hivyo anaonekana amekuja kuhesabu mabati ya nyumba ya marehemu. Mimi nimeimba kwenye harusi nisizoalikwa, nimemtukana refa mbele ya uwanja mzima, lakini kulia mbele ya watu sijawahi, na sauti yake siijui itatoka ya namna gani. Tuendelee.

Jumamosi.

Jua lilikuwa limesimama uwanjani tangu asubuhi, mbuzi wa jirani analinusa. Nilivaa shati jeupe. Watoto wa darasa la saba wote walikuja, hata wale ambao siku za Jumamosi huwa sokoni. Nikawaambia leo msiniite Wandera, niiteni Injinia. Apio akauliza, "Injinia wa nini?" Unamjua Apio, yule wa Kirewa anayekaa kwa shangazi yake, mfupi, maswali marefu. Nikamwonyesha Jua. Akasema, "Magunia yanaonekana." Mtoto huyu umenilelea makusudi.

Utaridi ilikuwa choroko juu ya ufito. Zuhura ilikuwa njugu mawe, na hapa nakiri niliteleza: muuzaji alikuwa na za kuchemsha tu, nikanunua za kuchemsha. Tulipofika Zuhura haikuwepo. Mvulana mmoja nyuma alikuwa anatafuna. Nikamuuliza, umekula nini? "Nilidhani ni ya kuonja, Injinia." Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikawaambia basi andikeni, Zuhura imeliwa na mtu wa Busia.

Halafu Dunia. Njugu mawe nyingine, na kando yake, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, punje ya mtama ambayo ndiyo mwezi. Bado tulikuwa karibu na uzio wa shule, kengele inasikika. Nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikawaambia wachuchumae, jicho liwe usawa wa njugu, waangalie kule nyuma tulikotoka, kwenye Jua letu. Msitazame lile la angani, macho hayauzwi. Angalieni letu. Wakachuchumaa mmoja mmoja. Lile duara kubwa linalonifika kifuani, kutoka pale lilikuwa dogo, unalifunika na ncha ya kidole cha mwisho ukinyoosha mkono. Apio akakaa pale muda. Akasema polepole, "Ni saizi ile ile ya Jua ya angani." Hakuna aliyecheka. Wakarudi kuchuchumaa tena, wote, na mimi pia. Madam, ungekuwepo. Nilitazama kando kukuonyesha kwa kidevu, kama nilivyozoea. Nikamwona mbuzi.

Mirihi ilikuwa kunde. Baada ya Mirihi tukatoka getini, na hapo ndipo chati yako ilipoaibika. Walizoea sayari kila baada ya hatua kidogo, sasa wanatembea tu. Tukapita mashine ya kusaga, hakuna kitu. Tukapita kanisa, hakuna kitu. "Injinia, umetupoteza?" Nikasema hivi ndivyo ilivyo huko juu, watu wangu, sehemu kubwa ni kutembea. Jupita tukaikuta kwa mama wa nyanya, ameiweka juu ya meza amekataa watu watatu waliotaka kuinunua. Sateni alikuwa nayo Barasa, ameegesha baiskeli yake kivulini, ufito umechomekwa kwenye fremu, ile pete ya bati niliyoikata mimi inazunguka kwa upepo. Akawaambia watoto, "Mbele ni mbali. Mimi na magurudumu yangu matatu nilichoka, ninyi mna miguu miwili tu." Wakaondoka wanakimbia ili wamwonyeshe.

Urani ilikuwa kwenye bomba la maji. Walifika wamechoka kweli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Wakanywa. Wengine wakavua viatu. Lakini walikuwa wanaimba, Madam, wimbo wa sayari wametunga wenyewe, haufai kuandikwa, una jina langu.

Na pale bombani tukageuka.

Niliwaambia mvua inakuja. Kulikuwa na wingu, sisemi hakukuwa. Wingu dogo, upande wa Tororo, lingeweza kuwa na nia. Apio akauliza, "Na Neptuni?" Nikamwambia wameichukua kuisafisha. "Nani ameichukua?" Nikasema wenye sayari. Alinitazama kama ulivyokuwa unanitazama nikizidisha vidole viwili. Kisha akavaa viatu vyake, wakarudi, na njiani hawakuimba sana.

Umeme umerudi. Taa ya mashine imewaka hapa mbele yangu na sijainuka. Hilo peke yake likuambie.

Mwalimu mkuu amenipongeza. Amesema mwaka ujao nije tena, na Jua litunzwe stoo kwa heshima. Watu wananiita Injinia mpaka upande wa Kenya. Nimepata kazi mbili za geti kwa sababu ya Jua lile. Hizi ni habari nzuri nimekuwekea hapa zikae pamoja.

Uliwahi kuniambia tukiwa tunapima, kwamba kwa kipimo hiki chetu, ukitaka kuweka na nyota iliyo jirani kabisa na Jua, itabidi upite Neptuni uendelee kutembea, uvuke nchi na bahari, uizunguke dunia yote mpaka utokee tena hapa Busia ulipoanzia. Nilikwambia basi hiyo nyota iko mlangoni kwangu. Ukasema ndiyo, lakini kwa njia ndefu. Siku hizi nalifikiria hilo nikiwa nachomelea, mpaka naharibu kazi.

Nakuaga sasa, Madam. Lala vizuri chini ya mikaratusi yenu. Jumamosi hii inayokuja nimewaomba tena kwa mwalimu mkuu, na amekubali, na tutaanza upya kuanzia kwenye Jua kwa sababu ungenirudisha hata nisipotaka. Safari hii njugu ni mbichi. Tukifika bombani tutakunywa maji, tutapita. Pale barabara inapoinama kuelekea kwenye mikaratusi, nitaanza kulia, kwa sauti, mbele ya darasa la saba lote. Apio akitaka kucheka acheke. Nitaingia hivyo, na Neptuni mkononi. Imeshapata rangi, buluu ya geti la mtu.

Ni mimi, Wandera, Injinia wa Jua.

Nimetia sahihi na bado nimekaa, kwa sababu kuna kimoja hakijaandikwa, na ndicho kinachoniinua na kunikalisha tangu asubuhi.

Mama yako alijua tunakuja. Mimi ndiye niliyemtuma Barasa amwambie, siku tatu kabla, nikiwa na kifua mbele: mwambie mama, watoto wa Madam wanakuja mpaka kwake. Akaazima viti kanisani. Akapika viazi sufuria kubwa ile ya matanga, akasaga njugu. Akafagia kaburi lako, akakaa langoni tangu asubuhi akitazama barabara. Kutoka bombani niliona bati la nyumba yake linameta, Madam. Tulikuwa tumebakiza kuteremka na kupanda.

Barasa alipita kwake jana. Hakumkuta na hasira. Viazi alishawagawia majirani, viti alisharudisha. Alimuuliza Barasa neno moja tu: "Watoto walipotea njia?" Barasa akaja kuniuliza mimi.

Hawakupotea, Madam. Niliwafupishia.